Bunduki Sikupewa, Nilipewa Kalamu

Najua kuna walioanza kuulizana nimepotelea wapi, na wengine wakasambaza kabisa kwamba nimedisco. Sijadisco jamani, nipo hapahapa Mkwawa, mwaka wa tatu sasa, Kiswahili na Historia kama kawaida. Kimya changu kilikuwa na sababu moja tu. Likizo nilikuwa porini wiki sita, mahali ambapo kupiga simu ni mpaka upande kichuguu, na hata ukipanda unaweza ukaambulia upepo.

Haya, tuanze. Ratiba ya sisi watu wa Elimu mnaijua. Wenzetu wa vyuo vingine wakifunga wanaenda nyumbani kunenepa, sisi tunaenda TP. Mimi nilipangiwa sekondari moja ya kata huko Iringa Vijijini, njia ya kwenda Ruaha. TP ilipoisha katikati ya Septemba nilibakiwa na wiki kama sita kabla chuo hakijafungua, na hali ya mfukoni ilikuwa ya kupita mbali na kibanda cha mama ntilie. Boom lilishakuwa hadithi ya kale.

Ndipo mkuu wa shule akanishtua kwamba jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya vijiji vya pale, ile ambayo kila mtu anaiita WMA, inatafuta vijana wanne wa chuo wa kusaidia kwenye doria za kiangazi. Posho ni shilingi elfu kumi kwa siku, hema na chakula juu yao. Nikamuuliza, mwalimu, mimi na viambishi vyangu nitamsaidia nini askari wa wanyamapori? Akacheka, akasema, "Wanatafuta mtu wa kuandika, hawatafuti mtu wa kupiga risasi."

Nikadhani ni utani. Nilipofika kambini nikapewa kaunta buku moja, kalamu mbili za bluu, kifaa cha GPS na fomu rundo. Bunduki nilikuwa naziona mabegani kwa wenzangu.

Kwanza niwaeleze pale ni wapi, maana wengi tukisikia hifadhi tunawaza watalii na Land Cruiser. WMA si hifadhi ya taifa. Ni ardhi ambayo vijiji vyenyewe vimeitenga kwa ajili ya wanyama, kwa utaratibu uliotokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998 na kanuni zilizofuata mwaka 2002. Faida ya utalii au uwindaji ikipatikana, vijiji vinapata mgawo. Walinzi wake ni VGS, yaani askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana na wazee waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Ni wakulima wa mpunga na mahindi kama majirani zao. Wengi hawana mshahara, wanategemea posho, na posho nayo ina siku zake za kuchelewa.

Kwa nini kiangazi? Kwa sababu ya maji. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka sehemu kubwa wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu maji yanatumika kule juu Usangu. Mto ukikatika yanabaki madimbwi. Swala, nyati, tembo, wote wanajazana kwenye madimbwi hayo, na mtu mwenye waya au gobore hahitaji tena kuwatafuta, anakaa njiani kwao tu. Kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kazi, na ndiyo miezi ya jua ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Ndorobo je? Wanauma juu ya suruali, juu ya soksi, juu ya kila kitu.

Siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri uji, saa kumi na mbili tunaondoka kwa miguu, watu sita au saba kwa mstari. Anayeongoza ni mkuu wa doria, mzee wa Kihehe wa miaka hamsini na kitu ambaye wote tulimwita Mzee tu. Kila kitu kilichoonekana lazima kiandikwe: nyayo za watu, majivu ya moto, mti uliochomwa kwa ajili ya asali, mzoga, mtego. Mtego ukipatikana naandika saa, namba za GPS, aina ya waya na jina la aliyeuona kwanza, halafu ndiyo unafunguliwa na kupewa namba. Nyaya nyingi zinatoka kwenye matairi ya magari yaliyochomwa. Nyembamba, huioni mpaka uoneshwe, na mnyama ndiyo kabisa haioni.

Siku ya kwanza nilichoka nikaandika kwa mkato. Jioni Mzee akalichukua kaunta buku, akalisoma kwa mwanga wa tochi, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, andika kama unamwandikia mtu ambaye hakuwepo na hatuamini." Nimesoma kozi ya uandishi mwaka wa kwanza, muhula mzima, na sikupewa maelekezo mafupi namna ile.

Mzee ameyajua hayo mahakamani. Amesimama kizimbani kama shahidi mara nyingi, na alinieleza kwa masikitiko kesi ambazo mtu alikamatwa kweli na nyara kweli, kisha akaachiwa kwa sababu ya karatasi. Nilipokuwa nimerudi chuo nikaenda maktaba kutafuta, nikakuta hadithi zake zina msingi. Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ilisisitiza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu zinazoonesha kielelezo kimetoka kwa nani kikaenda kwa nani, tangu kukamatwa mpaka kufikishwa mahakamani. Na kwenye Rufaa Na. 385 ya 2017 ikasema kuhusu nyara zinazooza, kama nyama, kwamba hakimu akiombwa amri ya kuziteketeza, mtuhumiwa lazima awepo na apewe nafasi ya kusema. Ukiifukia nyama bila yeye, ushahidi wako umeufukia pamoja nayo.

Sasa, adhabu zenyewe. Hapa naomba msome taratibu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ni Na. 5 ya mwaka 2009. Kupatikana na nyara za Serikali bila kibali ni kosa, na tangu marekebisho ya 2016 mtu anayetiwa hatiani anaweza kukaa jela kuanzia miaka 20 mpaka 30. Nyara si meno ya tembo peke yake. Paja la swala nalo ni nyara. Kwa kanuni za thamani za 2012 tembo mmoja ni dola 15,000 na swala pala mmoja ni dola 390, lakini wapo wanakijiji waliofungwa miaka 20 kwa nyama ya porini ya kula. Mwenye risiti ya bucha la nyamapori lililosajiliwa hana shida. Sasa niambieni, kijijini kwetu bucha hilo liko wapi?

Msinielewe vibaya, sitetei ujangili. Hesabu ya tembo nchini mwaka 2009 ilikuwa 109,051. Mwaka 2014 wakahesabiwa 43,330. Miaka mitano tu! Wale VGS walikuwa wanakutana na mizoga isiyo na nyuso, na kuna waliotishiwa maisha na watu wanaowafahamu. Mtu ambaye hajasikia harufu ile asiwahubirie uvumilivu. Mimi nilisikia mzoga wa nyati tu aliyenaswa na waya shingoni, na siku mbili nilishindwa kula.

Basi bwana, wiki ya nne ndipo yakatokea ya kutokea.

Mchana wa siku hiyo tulikuta mitego sita kwenye njia ya swala, ndani ya hifadhi. Hakukuwa na mtu. Nikaandika kama kawaida, saa tisa na dakika kumi mchana, nyaya sita, namba moja mpaka sita. Jioni tukaungana na gari lililokuwa na afande mmoja ambaye si wa kijiji, na sitasema ni wa wapi. Tukaenda kuvizia usiku kwenye barabara ya kuingia kijijini. Saa tano ikapita baiskeli bila taa. Ikasimamishwa. Nyuma kuna kiroba, na ndani ya kiroba mapaja mawili ya swala pala na ngozi. Kuna panga pia. Mwenye baiskeli ni baba wa makamo, hakukimbia wala hakubishana. Alikaa chini mwenyewe, kama mtu aliyechoka kusimama.

Nikafungua hati ya ukamataji juu ya boneti ya gari, tochi nimeing'ata mdomoni. Nikaangalia GPS, tulikuwa nje ya mpaka wa hifadhi, karibu kilomita mbili upande wa kijiji. Nikaanza kuandika.

Afande akaniambia, "Mahali andika ndani ya hifadhi. Na kwenye mali andika kiroba, panga na nyaya sita za kutegea."

Nikasema, "Afande, nyaya zile tumezipata mchana."

"Najua. Unadhani huyu swala alikufa kwa malaria? Nyaya ni zake au za ndugu yake. Andika."

Kusema ukweli mikono ilikuwa inatetemeka. Mimi ni mtoto wa chuo, wa posho ya elfu kumi, usiku, porini, na anayeniambia ana silaha na cheo. Nikainyanyua kalamu juu ya karatasi, nikabaki hivyohivyo. Sikuandika. Nikamwangalia Mzee.

Mzee wala hakupandisha sauti. Alisema, "Afande, nyaya zile zina namba tangu saa tisa. Mwalimu ameshaziandika na sisi wote tumesaini. Tukiziandika tena saa tano na mtu mwingine, wakili atasoma kurasa mbili hizi na sote tutakuwa waongo." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, umeona nini?"

"Kiroba, nyama, ngozi, panga, baiskeli."

"Wapi?"

"Barabarani, kwenye namba hizi hapa."

"Ndiyo uandike."

Nikaandika. Afande alisonya, akasema sisi watoto wa chuo tunaharibu kazi, kwamba jangili akitoka mahakamani kesho atarudi na waya ishirini na mimi nitakuwa chumbani Mkwawa nakula chipsi. Nimelifikiria sana neno lake na siwezi kulitupa moja kwa moja. Ameona watu wakitoka kwa sababu ya karatasi, kama Mzee alivyoona. Tofauti yao ni kwamba mmoja akitoka pale anaona tiba ni kuongeza uongo kwenye karatasi, na mwingine anaona tiba ni kuandika vizuri zaidi.

Kisha ikaja zamu ya mtuhumiwa kusaini. Nikampa kalamu, akasema, "Kusoma sijui, binti." Nikachuchumaa karibu naye nikamsomea hati yote, polepole, neno kwa neno, kama ninavyowasomea wanafunzi imla. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema, "Hapo kwenye baiskeli soma tena." Nikasoma. Akasema, "Andika na kwamba si yangu, ni ya shemeji, ameniazima. Isije ikataifishwa." Nikaandika kwamba amesema hivyo. Akaweka dole gumba. Mtu anaweza kupata miaka 20, na ombi lake usiku ule lilikuwa baiskeli ya shemeji yake.

Asubuhi akapelekwa polisi, na mchana hakimu akaletewa nyama na yeye mwenyewe akiwepo, akaulizwa, akajibu, picha zikapigwa, amri ikatolewa. Kila mkono uliopokea kile kiroba ulisaini.

Siku tatu baadaye akaja msichana kambini na kapu la viazi. Nikamtambua kabla hajafika: kidato cha pili B, dawati la nyuma, mmoja wa wale niliowafundisha ngeli za nomino mwezi Agosti. Kata ni ndogo jamani. Kumbe yule baba ni baba yake.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

Akakaa kimya muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Madam, wamesema ni wewe uliyeandika."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nikamwambia nimeandika alichokutwa nacho na mahali alipokutwa, sikupunguza na sikuongeza, na kwamba kama mtu akisema alikutwa ndani ya hifadhi na mitego, karatasi itambishia. Sijui alielewa kiasi gani. Aliniuliza tu, "Kesi itaisha kabla ya mtihani wa taifa?" Mtihani wa kidato cha pili huwa ni mwezi wa kumi na moja. Sikumdanganya. Nilimwambia kesi hizi huchukua muda mrefu, asome. Akaacha viazi, akaondoka. Tembo walishakula mahindi yao Machi, Mzee aliniambia baadaye, na kifuta jasho cha Serikali walikuwa bado wanakisubiri.

Kwa hiyo pale kwenye kapu la viazi kulikuwa na pande zote mbili, na mimi katikati. Sheria ikilegea, baada ya miaka kumi hakuna swala wala mgawo wa kijiji. Na sheria ikikazwa na watu wanaoongeza nyaya kwenye karatasi, kijiji kinawachukia walinzi, na mlinzi anayechukiwa hapewi taarifa. Hili taifa limeshaliona. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza, ikakamata watu wengi na silaha, lakini malalamiko ya mateso na vifo yakajaa Bungeni. Mwanzoni mwa Novemba ikasitishwa, na Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao kwa ajili yake. Tembo hawakuwa wamepona kwa kupigwa wafugaji na wakulima. Mzee anasema zaidi ya nusu ya mitego aliyowahi kuing'oa alielekezwa na mwanakijiji, usiku, kwa kunong'onezwa. Ukimsingizia mmoja, wa kunong'ona hawaji tena.

Nimeulizwa na wengi hapa hosteli kama kazi hii ni dili. Kimkwanja, hapana. Elfu kumi mara wiki sita, toa vocha, toa dawa ya malaria, toa viatu nilivyonunua Iringa mjini vikafa wiki ya pili. Nilirudi na hela ya fotokopi na godoro. Lakini kiangazi kijacho wakiita tena nitaenda, na nawashauri na nyinyi muende, hasa nyinyi mnaodhani ni kazi ya watu wa Sokoine na Mweka peke yao. Wenzangu watatu walikuwa wa misitu na kompyuta na walijua ramani kuliko mimi. Ila ilipofika kumsomea mtu asiyejua kusoma kitu kitakachoamua maisha yake, mpaka akielewe, walinisogezea karatasi bila kuambiwa.

Kwa watakaokwenda, beba haya: viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, nguo zisizo na rangi ya bluu wala nyeusi (ndorobo wanazipenda mno), chandarua, kalamu za ziada na mfuko wa nailoni wa kufunikia daftari. Wasichana, ulizeni mapema kuhusu hema na choo, msione aibu. Kambini kwetu kulikuwa na dada mmoja VGS, na bila yeye ningerudi siku ya pili. Na kabla hujasaini fomu yoyote kama shahidi, jiulize kama uliona kwa macho yako. Ukiulizwa swali hilo na wakili baada ya miaka miwili, utakuwa umesimama peke yako.

Kesi ya yule baba imeahirishwa, itatajwa tena mwezi ujao. Nikiitwa kama shahidi nitaenda, nimeshaongea na mwalimu mshauri kuhusu ruhusa. Kaunta buku lile lipo ofisini kwa Mzee, kabatini, ukurasa wa saa tisa na ukurasa wa saa tano vimefuatana.

Na yule binti wa kidato cha pili B nimemtumia mitihani ya miaka iliyopita kupitia kwa konda wa basi. Amenijibu kwa simu ya jirani kwamba ngeli bado zinamsumbua. Nimemwambia hata mimi chuo kikuu zinanisumbua.

Niishie hapa wadau, kesho kuna kipindi saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Mwenye swali kuhusu hizi kazi za kiangazi aniulize tukionana kafeteria. Tupo pamoja.